Benchi la Mwajabu

6 Novemba

Kuanzia leo mimi ni mpimaji wa hakimu. Marehemu mama angekuwepo angeuliza, kwani hakimu amekuwa gunia la mahindi?

Kazi kanipa Madamu Aneth, mtafiti aliyetoka Dar. Wanataka kujua mahakimu wanavyowatendea watu wakiwa kazini. Wengine wanapimwa upande wa Kasulu, sisi huku wa kwetu. Nilimuuliza kwa nini mimi, darasa la tano sikumaliza. Akasema, "Isihaka, wewe uko hapa nje ya mahakama kila siku, unajua Kiha, na hakuna mtu anayekuogopa." Nikasema asante, ingawa mpaka sasa sijajua kama ile ni sifa.

Hapa nje ninakodisha makoti. Mtu anatoka kijijini na kesi yake na kandambili zake, mimi namvalisha, anaingia mbele ya hakimu kama mtu wa benki. Lile la kijivu limeshinda kesi nyingi kuliko mawakili. La bluu huwa nampa yule mdaiwa ambaye simpendi.

Masharti ya kazi: nikae benchi la nyuma karibu na dirisha, nijaze fomu, nisicheke, nisiseme. Kesi ya ndugu yangu nisiikalie. Na hili daftari niandike yale ambayo fomu haina mahali pa kuyaweka.

9 Novemba

Kesi za kwanza. Fomu inauliza: Hakimu alisalimia? Aliwaeleza haki zao? Alimkatiza mtu? Alimtazama anayeongea? Alimpa kila upande nafasi ya kumuuliza shahidi maswali? Alitoa sababu ya uamuzi? Unatia moja mpaka tano.

Hakimu wetu anaitwa Philemon. Mrefu, mwembamba, si mtu wa huku. Anasalimia vizuri. Tatizo ni moja. Shahidi akimaliza, anauliza upande wa pili, "Una swali kwa shahidi?" Mtu anajibu sina. Pale hakimu mwingine angeendelea. Huyu ananyamaza. Anainua kichwa, anatazama nyuma, kwenye benchi langu. Anatazama weee, mpaka nzi wanapumzika. Halafu ndiyo anaendelea.

Mara ya kwanza nilimtabasamia nikidhani ananisalimia. Hakutabasamu.

Nimemtia mbili kwenye kutazama anayeongea.

10 Novemba

Mvua. Makoti yote yametoka, hata la bluu.

16 Novemba

Benchi langu limelowa. Si lote, ni mwisho tu, upande wa dirisha, mahali pa mtu mmoja kukaa. Nilikaa bila kuangalia, nikainuka na suruali ambayo ilinifanya nitoke nimejificha nyuma ya fomu. Karani, dada Firdausi, alicheka mpaka akaangusha mhuri.

"Dada, bati linavuja."

"Halivuji," akasema, akaacha kucheka.

20 Novemba

Dada yangu Stumai amekuja kutoka Busunzu kwa pikipiki, matope mpaka kwenye ushungi. Shemeji Twalibu amefungua mirathi. Mume wa Stumai alifariki mwaka jana, sasa kaka mtu anataka awe msimamizi, na ameandika shamba la bondeni kuwa mali ya ukoo. Lile shamba alipewa Stumai na baba mkwe wake kabla mzee hajafa. Ndilo linalomlisha yeye na watoto. Akinyang'anywa anarudi kwangu, na mimi ninalala na makoti.

"Una ushahidi?" nikamuuliza.

"Alinipa mbele ya mama mkwe."

"Basi umeshinda!"

"Mama mkwe ni shahidi wa Twalibu," akasema.

Nikamwambia nitampa koti la kijivu. Akaniangalia. "Niende mahakamani kama konda?"

25 Novemba

Hakimu ananyamaza, anatazama nyuma. Moja.

2 Desemba

Nimepanda juu ya paa na fundi. Bati ni zima, misumari mizima, hakuna hata tundu la sindano. Fundi kaziba hivyohivyo na lami ili niridhike.

4 Desemba

Pamelowa.

Sasa nina jambo lingine la kuandika na nitaliandika haraka kabla sijaona aibu. Hakimu anapoingia, sote tunasimama. Leo, wakati wote wamesimama kimya, nimesikia makofi. Yale madogo, ya viganja vilivyokunjwa, kama wanawake wa kwetu wanavyomsalimia mkubwa. Pa, pa, pa. Yalitoka kushoto kwangu. Kushoto kwangu kuna dirisha.

Nimejiambia ni maji yanatoka kwenye mfereji wa bati. Mfereji uko upande mwingine wa jengo, lakini maji ni maji, yana akili zake.

9 Desemba

Mvua kubwa ilimkuta hakimu hana mwavuli, akaja chini ya turubai langu. Nikampa koti la kijivu, bure, maana nani atamdai hakimu. Mikono ya koti ikamfika viwikoni. Tulisimama pale tunatazama matope.

"Wewe ndiye unayekaa benchi la nyuma," akasema.

"Ndiyo mheshimiwa. Nipo kwa ajili ya utafiti, siruhusiwi kukuambia maksi."

"Sizitaki." Akanyamaza kwa ule mtindo wake. Halafu, "Huwa unakaa peke yako pale?"

Nilitaka kutania. Nilikuwa na utani tayari mdomoni, wa panya. Ukanipotea.

"Naona niko peke yangu, mheshimiwa."

"Sawa," akasema. "Ukiacha nafasi kidogo upande wa dirisha, nitashukuru."

Akaondoka na mvua yake. Koti akaondoka nalo.

10 Desemba

Koti limerudi limepigwa pasi. Nimeuhama upande wa dirisha. Nakaa katikati. Sijawahi kukaa wima hivi tangu darasa la kwanza.

11 Desemba

Nimembana Firdausi wakati tunakula mihogo. Hakutaka. Nikamwambia sitaondoka pale na nitaimba. Naimba vibaya, watu wanajua. Akasema.

Kulikuwa na mwanamke anaitwa Mwajabu. Mjane. Mashemeji walidai shamba, shahidi wao akawa baba mkwe wake mwenyewe. Mzee akasimama akasema yake. Hakimu Philemon, enzi hizo mwepesi kama feni, akamuuliza Mwajabu, "Una swali kwa shahidi?" Mwajabu akatazama chini. Hakimu akauliza tena. Kimya. Akaandika kwamba hana swali, maana yake amekubali. Kesi ikaisha siku hiyohiyo.

"Sasa si angeuliza?" nikasema.

Firdausi akanitazama kama vile mimi ndiye nimetoka Dar. "Isihaka, wewe umekulia mjini kwenye makoti. Mke wa mtu wa kwetu amsimamie baba mkwe, amtazame usoni, amwambie mbele ya watu kwamba unasema uongo? Afadhali afe."

Na alikufa. Lakini si mara moja. Baada ya hukumu alianza kuja. Kila siku ya kesi, benchi la nyuma, upande wa dirisha. Hakuongea na mtu. Hakimu akiingia anapiga yale makofi ya salamu, anakaa, jioni anaondoka. Alikuwa analala kwenye kibanda cha majani, msimu wa mvua, kwa hiyo alikuja amelowa na akikaa analowesha. Hakimu hakujua anataka nini. Alidhani amechanganyikiwa. Msimu wa mvua wa mwaka juzi akakohoa wiki kadhaa, halafu hakuja tena. Ndipo binti yake akaja kumweleza hakimu kwa nini mama yake hakuuliza swali.

"Hakimu akasemaje?"

"Akanyamaza," Firdausi akasema. "Hajamaliza mpaka leo."

Sikumaliza mihogo yangu. Mimi kuacha chakula, andika tarehe.

19 Desemba

Stumai amepiga simu. Twalibu ameanza kulima kwenye shamba bila kusubiri mahakama. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni anamtazama, akamfunika mtoto wa Stumai kwa kitenge chake asilowe. Hawasemeshani, lakini kitenge kampa.

25 Desemba

Majirani wameniletea pilau. Mvua haijali sikukuu ya mtu.

18 Januari

Leo nimejua jambo ambalo linaniwasha. Madamu Aneth anapitia majalada ya zamani, anajaza fomu kwa kesi zilizokwisha ili alinganishe hakimu alivyokuwa na alivyo sasa. Kanionyesha jedwali lake kwenye kompyuta. Huyu hakimu ameshuka kama ndoo ya kisimani. Kesi zake zinachelewa. Ananyamaza. Yule mwenzake wa upande wa Kasulu anamaliza kesi nyingi, maksi zake zinang'aa.

"Kesi gani ya hapa ina maksi nyingi kuliko zote?" nikauliza, sijui kwa nini.

Akatafuta. Alisalimia, ndiyo. Alieleza haki, ndiyo. Hakumkatiza mtu. Alitoa nafasi ya maswali, tena mara mbili. Alitoa sababu. Alimaliza siku hiyohiyo. Tano, tano, tano.

Ilikuwa ya Mwajabu.

Nilimweleza Madamu habari yote. Mwanzoni aliandika haraka haraka, halafu akaacha kuandika. Yeye si mtu mbaya. Ana mguu umevimba kwa maji ya matope na bado anafika kabla yangu. Akasema, "Isihaka, fomu inapima kile hakimu anachofanya. Haiwezi kupima kile ambacho mtu mwingine hakuweza kufanya."

"Basi tuongeze swali."

"Katikati ya utafiti? Tutaharibu kila kitu tulichokwisha kukusanya."

Tukabaki tunatazama zile tano.

27 Januari

Kesi ya pingamizi la Stumai imepangiwa wiki ya pili ya Februari. Mimi ni ndugu, sitakaa ndani. Nimewaza kuugua, nimewaza kuzaliwa upya kwa baba mwingine. Kinachonitisha si kwamba sitakuwepo. Kinachonitisha ni kwamba benchi litakuwa tupu. Hakimu anatazama pale ili akumbuke. Akitazama aone ukuta, je? Akichoka je? Maana amechoka, macho yamezama. Firdausi anasema wakubwa wake wamempigia mara nyingi kuhusu kesi kurundikana.

Na Stumai nimemwambia, nimemsihi, nimempigia magoti mimi mwanaume mzima: "Dada, siku ile muulize tu mama mkwe. Swali moja."

Akasema, "Mdogo wangu, baadaye nitarudi nyumbani na nani? Si ndiye atakayenipikia uji nikiugua?"

1 Februari

Makofi tena. Nimeyajibu. Kidogo kidogo, chini ya fomu, asione mtu. Pa, pa. Hata kama ni mfereji, salamu ni salamu.

8 Februari

Nitaandika yote.

Asubuhi mvua ilishuka kama mtu amepindua pipa. Mimi nikasimama nje, chini ya dirisha lile la nyuma, nimejifunika turubai, jicho moja kwenye upenyo. Madamu Aneth ndiye aliyekaa kunipokea kazi, lakini alipoona benchi limelowa akaenda kukaa mbele, ubavuni kwa ukuta. Kwa hiyo benchi lilikuwa tupu. Nililiona lote, na ule mwisho wake ukimetameta maji.

Stumai aliingia. Alipomwona mama mkwe wake, alipiga magoti palepale mlangoni, akapiga makofi yale madogo, "Mwakeye, mama." Bibi akaitika. Kana kwamba wamekutana njiani kisimani. Halafu kila mmoja akaenda upande wake wa kesi.

Twalibu akaongea. Anaongea vizuri, ana koti lake mwenyewe. Kisha bibi akasimama, mkono kwenye fimbo, akasema kwa sauti ndogo kwamba shamba la bondeni ni la ukoo, na kwamba marehemu mume wake hakumpa mtu.

"Mpinzani," hakimu akasema, "una swali kwa shahidi?"

Stumai akatazama chini.

Mvua kwenye bati. Firdausi kalamu juu. Mimi nje nimeuma turubai.

"Hana swali, mheshimiwa," Twalibu akasema, anacheka kidogo. "Aulize nini, kila kitu kiko wazi."

"Sikukuuliza wewe."

Hakimu akainua kichwa. Akatazama benchi. Nilikuwa nyuma ya benchi kidogo tu, nje ya ukuta, lakini hakuniona mimi. Najua mtu akinitazama. Alikuwa anatazama mahali penye maji. Akakaa hivyo mpaka Madamu Aneth akaangalia saa, akaandika kitu.

Kisha hakimu akasema, polepole sana, "Mama. Ukimuuliza mkwe wako swali, uso kwa uso, hapa mbele ya watu, utakuwa umefanya nini?"

Stumai akajibu bila kuinua macho. "Nitakuwa nimemvua nguo, mheshimiwa."

"Basi usimuulize yeye. Geuka. Unaliona lile benchi la nyuma? Liulize lile."

Watu wakageuka wote. Twalibu akasimama. "Mheshimiwa, pale hakuna mtu!"

"Kaa chini. Karani, andika."

Dada yangu akageuka. Akawa ananitazama mimi, kupitia upenyo, lakini na yeye hakuniona. Akapiga magoti, akalipigia makofi lile benchi, pa, pa, pa, kama mtu anayemkuta mkubwa barazani. Akaanza.

"Nisaidie kumuuliza mama. Baba alipolazwa hospitali ya Kabanga, mguu umeharibika, watu hawaingii kwa harufu, nani alikuwa anamwosha?"

Bibi akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Nisaidie kumuuliza. Siku ile ya Ijumaa, nimeshika beseni, baba akamwita mama asogee karibu na kitanda. Alimwambia nini kuhusu bondeni?"

Mimi nilitazama mama mkwe. Fimbo ilikuwa inagonga sakafu, tatatata, yenyewe. Bibi hakumtazama Stumai. Aligeuka, taratibu, mwili mzima, mpaka akalikabili benchi na yeye. Wakawa wanawake wawili wanaongea na benchi tupu.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "beseni lilikuwa jekundu."

Twalibu: "Mama!"

"Na mwambie mwanangu anyamaze." Akavuta pumzi. "Mwambie mkwe wangu kwamba mzee alisema bondeni apewe huyu anayenishika miguu. Nilisikia. Mwambie mimi ni mzee, nilimwogopa mwanangu."

Akakaa. Stumai bado amepiga magoti, mabega yanacheza. Hakimu aliinamisha kichwa kwenye meza yake, muda, halafu akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya chakula akasoma: pingamizi limekubaliwa, shamba la bondeni litoke kwenye mirathi.

Watu walipotoka niliingia. Nikaenda moja kwa moja kwenye benchi, nikaweka kiganja. Palikuwa pakavu. Nje mvua ya kubomoa nyumba, na pale pakavu kama mkate. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilijisikia kama nimefika msibani nikakuta watu wameshaondoka.

9 Februari

Stumai na mama mkwe wameondoka kwa pikipiki moja. Bibi katikati. Nimewafunika na koti la kijivu wote wawili.

15 Februari

Madamu Aneth kaninyooshea fomu ya siku ile. Hajaijaza yote. "Alimtazama anayeongea?" ameacha wazi. "Tabia isiyo ya kawaida, eleza." Ameandika, amefuta, ameandika, amefuta, karatasi imetoboka.

"Wewe ungemtia ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia mimi ni ndugu, siruhusiwi.

4 Machi

Hakimu Philemon amehamishwa. Madamu anaapa si fomu zetu, majina hayatoki, utafiti haufanyi hivyo. Namwamini. Lakini zile mbili na zile moja za Novemba ni mkono wangu, na kila nikifumba macho naziona.

Alikuja kuaga chini ya turubai. Nikampa lile koti lake la viwiko, akakataa. Akatazama dirisha la nyuma.

"Wataleta mtu mwepesi," akasema.

"Mheshimiwa, huko uendako, si utakuwa umepumzika?"

Akafikiri. "Sijui kama anabaki na jengo au anakuja na mimi." Aliongea kama mtu anayeulizia mzigo wake. Halafu akanishika mkono, akapanda gari.

11 Machi

Utafiti umeisha. Madamu ameondoka na fomu zake na mguu wake. Hili daftari kaniachia, kasema sehemu hii haina mahali pa kuingia.

20 Machi

Hakimu mpya. Kijana, safi, sauti nzuri. Leo amemaliza kesi zote kabla ya chai. Biashara ya makoti imekufa, mtu anavaa na kuvua hapohapo.

23 Machi

Nimepita dirishani. Benchi limelowa.

27 Machi

Leo kulikuwa na mama mmoja kutoka vijijini, na baba mkwe wake shahidi upande wa pili. Nilimuona nje anasubiri, ameshika kandambili mkononi ili asichafue sakafu. Sikumkodishia kitu. Nilimwachia turubai dada anayeuza chapati pale nje anitunzie, nikaingia. Sina kazi tena mle, sina fomu. Nikakaa benchi la nyuma. Nikaacha nafasi upande wa dirisha, na maji yakanifikia pajani hivyohivyo, ya baridi. Hakimu alipoingia nikasimama na wengine, nikapiga makofi madogo. Sikuwa peke yangu niliyepiga.

Mzee akatoa ushahidi wake.

"Una swali kwa shahidi?" hakimu akauliza, kalamu tayari karatasini.

Yule mama akatazama chini. Mimi nikamkazia macho hakimu, kwa nguvu zote, bila utani. Akaanza kuandika. Akaacha. Akainua kichwa.

"Wewe kule nyuma. Una kesi?"

"Sina, mheshimiwa."

"Sasa umekaa kufanya nini?"

"Nimekaa tu, mheshimiwa."

Akanitazama. Kisha macho yake yakasogea kidogo, upande wa dirisha, pale nilipoacha nafasi. Yakabaki pale. Na kalamu haikurudi chini.